Isogi: ua dogo la pori tulilime karibu na nyumba

Ndugu wanamemba, isogi munaijua wote. Ni ile mimea ya maua meupe, mara ingine yenye rangi ya waridi, inayoota yenyewe ku jalala na pembeni ya zizi. Swahili ya vitabu inaiita mgagani. Jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono, na ukiligusa linanuka kwa nguvu. Wakati wa kupalilia tunaing'oa, halafu mwezi wa njaa tunabeba feza kununua mboga sokoni!

Tatizo kubwa ni mbegu. Wengi wanavuna mbegu leo, wanapanda kesho, haioti, wanasema imekufa. Haijakufa, imelala. Mbegu ya isogi inaomba kupumzika miezi 3 ao zaidi, fasi kavu. Kwa hiyo mbegu ya sezoni hii, panda sezoni ijayo.

Chagua fasi yenye jua, maji yasituame. Lainisha udongo, changanya na samadi iliyooza. Mbegu ni ndogo sana. Ichanganye na mchanga mukavu ili mkono usimwage mingi fasi moja. Chora mistari ya sentimita 30, funika na udongo kidogo, usizidishe sentimita 1. Ukiifukia kama maharagi, hautaiona tena. Kisha juma moja hivi inachomoza. Ikisongamana, punguza, ibakie sentimita 15 katikati ya shina na shina. Zile ulizong'oa, peleka ku chungu.

Kisha majuma 4 ao 6, kata kichwa, itatoa matawi. Kila ua likitokea, livunje, sababu isogi ikianza kuzaa, majani yanakuwa madogo. Na usiiache na kiu: ikikosa maji inaharakisha maua.

Lakini mashina 10 yenye nguvu usiyaguse hata jani. Hayo ni ya mbegu. Maganda yakigeuka manjano, yakate asubuhi mapema, yaanike juu ya kitambaa. Ukingojea yakauke shambani yatapasuka, na ndege ndio watavuna.

Uchungu wake unasumbua watoto. Wengine wanachemsha na kumwaga maji ya kwanza, lakini maji yale yanaondoka na sehemu ya vitamini. Sisi tunaona ni afadhali kuipika na maziwa ao karanga ya kutwanga.