Saa za Kungoja: Kijitabu kwa Madereva wa Malori ya Safari Ndefu na Matajiri Wao

Dibaji

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya madereva walioajiriwa na makampuni kuendesha malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na kwa ajili ya matajiri wao, na kwa ajili ya wake na wazee wao ambao aghalabu huzijua taabu za safari kwa simu tu. Hakikukusudiwa kumfitini mtu na tajiri wake. Tumekiandika kwa kuwa dereva anapoiacha kampuni moja akaenda nyingine, na baada ya mwaka akaihama hiyo nayo, sababu anayoitaja kwa wepesi ni mshahara. Walakini ukimkalisha kitako ukamwacha aseme mpaka amalize, utakuta kwamba kilichomchosha ni zile siku alizokaa pasipo kuhesabiwa na mtu yeyote, siku za foleni mpakani, siku za kungoja kupakia, siku za kungoja kipuri porini, ambazo kwake zilikuwa kazi na katika daftari la ofisi hazikuwa kitu.

Njia yenyewe

Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilifungiwa njia ya kusini iliyokuwa ikiiletea mafuta, ikageuza uso wake kwenye bandari ya Dar es Salaam. Malori yakaanza kupeleka mapipa ya mafuta na kurudi na shaba, juu ya barabara ya udongo iliyokuwa tope la magoti wakati wa masika na vumbi la kupofua macho wakati wa kiangazi, na ajali zikawa nyingi hata watu wakaiita Njia ya Jahanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likaja 1968, lami ikatandikwa, reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976, na bado mzigo haukuondoka barabarani. Hata leo shaba ya Katanga hushuka kwa malori, na dereva aliyetoka Mbagala au Tanga hufika Lubumbashi akasema Kiswahili chake na kujibiwa kwa Kiswahili cha huko, jambo ambalo ni katika starehe chache za kazi hii.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, ni kilomita zipatazo 930. Humo katikati mna mizani ya Vigwaza na Mikese, mna mbuga ya Mikumi ambamo tembo na nyati huvuka barabara wakati wasioupanga wao wala dereva, mna mlima Kitonga, mna Makambako, Uyole na Mpemba. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde zimekuwa na kituo cha pamoja cha forodha, nacho kimepunguza mashaka, ijapokuwa hakikuyamaliza. Mbele yake kuna Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, kisha miji ya shaba, kisha Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ambako foleni hupimwa kwa siku na si kwa saa, na ambako dereva hulala ndani ya kichwa cha gari, hupika kando ya tairi, na hulinda turubai, lakiri, betri na mafuta usiku kucha, ilhali kwa maneno ya ofisini amesimama tu.

Hesabu ndogo tunaomba kila mpangaji wa safari aifanye. Gari zito haliruhusiwi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na likiingia penye makazi ni 50. Ukitia humo milima, mizani, miji na magari yaliyoharibika, wastani wa kilomita 45 kwa saa ni wa insafu. Kilomita 930 kwa mwendo huo ni saa 20 na zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku, saa 45 na siku 6 kwa juma. Basi Tunduma ni siku mbili na kipande, na tajiri amwambiaye dereva aliyetoka bandarini leo alasiri kwamba kesho usiku amtaka mpakani, hata kama amesema kwa upole na kumtakia safari njema, amemwamuru avunje sheria mbili kwa pamoja, ya saa za kazi na ya mapumziko.

Mshahara na masurufu

Hapa ndipo penye fundo. Dereva wa kampuni hupokea fedha za namna mbili: mshahara wa mwezi, na posho ya safari, ambayo wazee wetu wangeiita masurufu, yaani fedha za kula, kulala, kuegesha na dharura za njiani. Vitu hivi ni viwili mbalimbali. Mshahara ni haki ya mtu kwa kazi yake. Masurufu ni gharama ya biashara ya tajiri iliyopitishwa mkononi mwa dereva. Walakini katika makampuni mengi mshahara umeandikwa mdogo na posho imefanywa kubwa, na posho yenyewe hulipwa kwa safari na si kwa siku, hata ikawa dereva anayetaka kulisha watoto wake hana budi aibakize posho kwa kubania tumbo lake na aikimbize safari ili aipate nyingine. Mshahara wa namna hiyo humfundisha mtu kukimbia. Kisha tunamlaumu kwa kukimbia.

Madhara yake hayaishii barabarani. Malipo ya likizo hufuata mshahara. Kiinua mgongo cha mwenye kuachishwa kazi, ambacho kwa sheria hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10, hufuata mshahara. Michango ya NSSF, ambayo jumla yake ni asilimia 20 na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu yake, nayo huhesabiwa kwa mshahara ulioandikwa. Kwa hiyo dereva aliyeridhia mshahara mdogo kwa tamaa ya posho nono amekopa uzee wake bila kujua. Posho huisha Kapiri Mposhi.

Ama siku za kungoja, rai yetu ni wazi, na tunaitoa kwa matajiri kama nasaha: zihesabiwe. Mtu asiyeweza kuondoka penye gari, aliyekabidhiwa mali ya mamilioni, na anayetakiwa kusogea mita kumi kila foleni inaposogea, yumo kazini. Kampuni inayoweka posho ya siku, tena ikaendelea kuilipa foleni inapozidi siku zilizokadiriwa, itagundua upesi kwamba mafuta hayapotei kama yalivyokuwa yakipotea. Tusifiche jambo hili, kwani kila mtu wa barabara hii analijua: kunyonya mafuta na kuyauza kando ya njia ni wizi, na dereva afanyaye hivyo hana udhuru mbele ya sheria; lakini tajiri ampelekaye mtu Kasumbalesa na masurufu ya siku sita, akajua vema kwamba safari ni ya siku kumi na tano, naye amejiwekea mwizi kwa mkono wake.

Makato

Hakuna neno linalovunja moyo wa dereva kama kufika ofisini baada ya safari ya mwezi akaambiwa mshahara wake umeliwa na tairi. Sheria haikumwachia tajiri afanye apendavyo. Ili amkate mfanyakazi kwa hasara au uharibifu, lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima ampe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Lazima ampe nafasi ya kupinga. Asidai zaidi ya hasara yenyewe. Na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Dereva wa mshahara wa shilingi 600,000, mathalan, hawezi kukatwa zaidi ya 150,000 kwa mwezi, hata kama tairi lilikuwa jipya na tajiri ana hasira.

Faini ya uzito nayo ina mushkeli wake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka mwisho wa tani 56 kwa gari lenye mzigo wake, na pia kiwango cha kila ekseli. Yamkini gari likawa chini ya tani 56 na bado likakamatwa, kwa kuwa mzigo umeegemea nyuma au mbele. Dereva aliyepewa kontena lililokwisha kutiwa lakiri hakulipanga wala hakuliona ndani, na kumbebesha faini yake ni dhuluma iliyo dhahiri. Apime gari lake mapema awezapo, atoe taarifa kwa ujumbe wa maandishi kabla ya kuendelea, na auhifadhi ujumbe huo.

Usingizi

Mkataba Na. 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1979, unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku na 48 kwa juma, na apate angalau saa 10 za mapumziko mfululizo katika kila saa 24. Sheria yetu ya ajira, bila kutaja magari, inampa mfanyakazi mapumziko ya saa moja baada ya saa 5 za kazi mfululizo, na saa 12 kati ya kazi ya leo na ya kesho, ambazo zaweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti. Na kwa kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi inaamuru nyongeza ya asilimia 5.

Baina ya saa 8 za usiku na saa 11 alfajiri mwili wa binadamu hudai usingizi kama mdai asiye na huruma. Kahawa humchelewesha, hamfukuzi. Mirungi, mbali ya kuwa imeharamishwa na sheria nchini, humfanya mtu ajione macho ilhali akili imekwisha kulala. Anayerudi na shaba, akafika juu ya Kitonga katika saa hizo, ana mteremko mbele yake na chuma cha tani nyingi mgongoni. Gari likiachiwa huru badala ya kushikwa kwa gia nzito, breki hupata moto na hatimaye hazishiki. Lala Iringa. Mzigo utafika.

Hapa tuseme neno juu ya utingo, kijana alalaye chini ya tela na kuamka wa kwanza. Aghalabu hana mkataba, na ujira wake hutoka mfukoni mwa dereva kama sadaka. Ikiwa kampuni ndiyo inufaikayo kwa kazi yake, naye ni mfanyakazi wake, ana haki ya mapumziko, ya likizo na ya fidia aumiapo. Michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake. Yeyote aliyekatwa hata shilingi kwa jina la mfuko huo amedhulumiwa.

Hati

Mwezi wa Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, abiria wakakwama vituoni na mizigo barabarani, na katika madai yao moja lilikuwa mikataba ya ajira ya maandishi. Ni ajabu kwamba ilibidi nchi isimame kwa jambo ambalo sheria ilikwisha kuliamuru zaidi ya miaka kumi nyuma: mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi yake, mahali, saa, ujira na namna unavyohesabiwa. Tena wengi hawajui kwamba ikitokea daawa, na mwajiri akashindwa kuitoa hati hiyo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye mwajiri. Kwa hiyo asiye na hati asidhani kwamba hana haki, na tajiri asidhani kwamba kutoandika kunamkinga.

Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Siku ambazo gari limo gereji na dereva anaambiwa akae karibu na simu si likizo, kwani mtu hawezi kwenda kumzika shangazi yake Singida huku akingoja kuitwa. Katika ugonjwa zipo siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara.

Ndugu dereva, nunua daftari la shilingi chache uliweke juu ya kioo cha gari. Andika humo saa uliyopakia, saa uliyoanza foleni na saa uliyotoka, kila mizani na kila stakabadhi, na posho uliyopewa kwa siku ngapi. Tajiri wako akiwa mwungwana, litakuwa msingi wa mazungumzo yenu. Yakishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea shauri la kuachishwa kazi ndani ya siku 30 tangu siku ulipoachishwa, na migogoro mingineyo ndani ya siku 60. Na siku hizo huendelea kuhesabiwa hata ukiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa.