Kumzoesha Samaki wa Mapambo Chakula cha Punje

Baadhi ya wafugaji wa samaki wa mapambo huwalisha viluwiluwi vya mbu. Samaki huvipenda, lakini maji yaliyotuama yanayovikuza huzalisha pia mbu waenezao homa ya dengue, iliyoripotiwa Tanga mwaka 2019. Tunashauri chakula cha punje, kwa hatua zifuatazo.

Chagua punje ndogo kuliko mdomo wa samaki. Zilowekwe kidogo, kisha changanya sehemu moja ya punje na tatu za chakula hai. Kila baada ya siku chache, ongeza punje na kupunguza chakula hai. Lisha asubuhi, samaki wanapokuwa na njaa, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili. Ondoa mabaki, kwani yakioza huchafua maji na huweza kuua samaki. Samaki mkubwa mwenye afya hadhuriki akisusa kwa siku moja. Wale wa jamii ya Nothobranchius, wakazi wa madimbwi ya msimu ya pwani yetu, huchelewa kuzoea. Usiwakatie chakula hai ghafla.

Dukani, epuka punje zilizopimwa katika mfuko usio na lebo. Lebo ionyeshe mtengenezaji, viambato, kiasi cha protini na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unyevu wa pwani, hasa wakati wa masika, huotesha ukungu upesi: nunua pakiti ndogo na uihifadhi katika chombo kikavu kinachofungwa vizuri. Punje zenye ukungu zitupwe.

Dai risiti na uitunze. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha ulikonunua bidhaa yenye kasoro.