Dondoo muhimu: Akiba ya safari ya wawili
Wanandoa wengi wa Morogoro huahirisha safari wakisubiri fedha nyingi, ilhali hesabu yenyewe ni ndogo: kila mmoja akitenga shilingi 1,000 kwa siku, mwaka unaisha mkiwa na 730,000. Wekeni kwenye kibubu kimoja, na kila mwisho wa mwezi mzipeleke benki, maana hela iliyo ndani ya nyumba haikosi matumizi. Mtu atauliza: kodi ya nyumba na ada je? Ni kweli, hizo zitangulie. Mwezi ukiwa mgumu tengeni hata 200, lakini msiruke siku, kwa sababu mnajenga pia mazoea ya kupanga pamoja.

Wala msingoje mwaka uishe. Jumamosi moja pandeni milima ya Uluguru kwa miguu hadi eneo la Morningside, mkiwa na maji na viazi vya kuchemsha. Njiani mtapishana na akina mama wanaoshusha mboga na ndizi sokoni. Hifadhi ya Mikumi iliyo jirani, na treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza safari zake hapa Juni 2024, zitafuata. Safari fupi itawaonyesha nani huchoka mapema na fedha huishia wapi, kabla hamjakata tiketi ya Zanzibar.