Naamka saa kumi alfajiri lakini kitabu hakisongi

Shangazi, mimi ni mwalimu wa historia. Naishi Kitengela na nafunza shule ya upili mjini Kajiado. Nataka kuandika kitabu kuhusu jinsi ranchi za jamii zilivyogeuka kuwa ploti. Nilisoma kwamba waandishi wakubwa huamka alfajiri, nami nikaanza kuamka saa kumi. Hadi leo sina hata sura moja. Nikikaa mezani nasinzia. Nikizinduka, watoto wameamka, boza la maji liko langoni na matatu hainingoji. Kuna mzee wa Isinya aliyekuwa kwenye kamati ya ranchi. Aliahidi kunisimulia, lakini nataka kwanza nipate ratiba. Mume wangu anasema niache kujitesa. Je, mimi si mwandishi?
Mwalimu, Kitengela

Mwalimu, mumeo amesema kweli, ila nusu tu. Saa kumi achana nayo, kitabu usikiache.

Habari hizi za kuamka alfajiri mara nyingi humtaja Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mfanyakazi wa posta. Saa kumi na moja na nusu alikuwa ameshaketi, saa yake mezani, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Wanaomsifu husahau kwamba alikuwa na mtumishi aliyemlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Wewe kwako kahawa analeta nani?

Tena Trollope alikuwa akitunga hasa riwaya. Kisa chote kilikuwa kichwani mwake. Chako kiko Isinya, kiko Kisaju, kiko kwenye faili za Nairobi. Unasinzia kwa sababu umekaa kuandika kabla hujawa na cha kuandika. Kusema kweli, kilichonishtua katika barua yako ni huyo mzee. Unamngojesha mtu wa umri wake mpaka upate ratiba? Ratiba inaanza naye.

Kwamba sheria ya ranchi za jamii ilipitishwa mwaka wa 1968, na kwamba ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, hilo lishaandikwa. Marcel Rutten, Mholanzi, alitoa kitabu kizima kuhusu ardhi ya Wamaasai wa Kajiado mwaka wa 1992, na Esther Mwangi akatoa chake kuhusu umilikaji wa ardhi Umaasaini mwaka wa 2007. Vyote viwili ni vya Kiingereza, vya kitaalamu. Wewe muulize mzee mambo madogo. Siku ya kupima, nani alishika mnyororo? Nani alipata kipande kinachopakana na barabara ya Namanga, na nani alisukumwa kwenye mawe yasiyo na maji? Ng'ombe walipita wapi seng'enge ziliposimama? Mama wa boma aliambiwa kabla ya kuuza au baada? Hayo ndiyo yatakayomfanya msomaji wa Kitengela, anayeishi juu ya ploti hiyohiyo, afungue ukurasa wa pili.

Basi, Jumamosi nenda Isinya. Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi, na umuulize kama anataka jina lake litajwe. Maneno ya ardhi huishia mahakamani. Maji ya siku hiyo apokee mumeo. Kama kweli hataki ujitese, boza ni pa kuanzia pazuri.

Kutoka Jumatatu, msikilize mzee kwenye matatu, ukiwa na visikizi masikioni. Kuandika ndani ya matatu katikati ya malori ya Namanga ni kujiumiza macho, lakini kusikiliza kunawezekana. Akisema neno zito, nukuu dakika yake tu kwenye daftari dogo. Jioni, baada ya somo la mwisho, usikimbilie steji. Baki chumba cha walimu nusu saa, simu umeizima, uandike ulichokisikia asubuhi. Iwe aya moja, tena mbovu, sawa. Saa hiyo hakuna mtoto anayekuita. Madaftari ya wanafunzi yatakuangalia kwa jicho baya, yaache yaangalie. Usiku lala.

Likizo za shule ni za Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue. Humo mna ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya ya Kajiado enzi za ukoloni. Nenda na maswali aliyokuachia mzee, la sivyo utasoma faili za chanjo ya ng'ombe hadi jioni. (Nazo zina utamu wake, jihadhari.)

Umeuliza kama wewe ni mwandishi. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, katika idara ya forodha pekee tangu 1926 hadi 1944, na bado alituachia mashairi, insha na Wasifu wa Siti binti Saad. Ajira haikumvua uandishi, nawe haitakuvua.

Jaribu hivi kwa muhula mmoja. Likizo ikifika na daftari bado tupu, niandikie tena, lakini uniambie kwanza kama ulikwenda Isinya.