Andikeni "kalinzi": somo kwa wanaonakili historia ya parokia

Wanakijiji wanapokutana kuandika historia ya parokia yao, swali la kwanza huwa ni nani anakumbuka. Kuna swali jingine ambalo halipewi muda, nalo kwetu wa kitivo cha lugha lingepaswa kutangulia: waandike kwa maneno ya nani? Katika Bushi kazi hii hufanyika kwa kawaida ndani ya shirika. Simu inanasa sauti ya mzee, kijana ameshika daftari, au kaye kama tunavyosema hapa Nyawera. Mzee anaongea Mashi, anachanganya na Kiswahili chetu, anatia Kifaransa anapofika kwenye mambo ya serikali. Kijana anaandika Kiswahili safi cha shule. Watu wengi humsifu kwa hilo. Mimi naona hapo ndipo historia inapovuja.

Tuchukue mfano niliotunga mwenyewe, lakini wa namna inayosikika kila siku. Mzee anasema: "Bazee balitoaka kalinzi ndio bapate shamba." Kijana anaandika: "Wazee walinunua mashamba." Sentensi ni fupi, sarufi ni sawa, na mambo mawili yamekufa.

La kwanza ni kile kiambishi -aka. "Balitoaka" haisemi tu kwamba walitoa; inasema ilikuwa desturi, walizoea kutoa, kizazi hata kizazi. Ukiandika "walinunua" umegeuza desturi kuwa tukio la siku moja.

La pili ni zito zaidi. Kalinzi si bei. Ni kitu, mara nyingi ng'ombe, kilichotolewa kwa mwami au kwa chifu aliye chini yake ili mtu apewe ardhi ya kukaa na kulima, yeye na wanawe baada yake. Kwa kutoa kalinzi, mtu alijifunga pia: alikuwa mtu wa chifu yule, na chifu naye alikuwa na wajibu kwake. Tofauti yake na bwasa inajulikana na kila mkulima wa Kabare au Walungu. Bwasa ni ardhi ya kuazima kwa muda, na aliyeipata haruhusiwi kupanda migomba, kwa sababu mgomba hudumu, na anayekula ndizi zake miaka na miaka ataanza kusema shamba ni lake. Hayo yote hayamo katika "kununua".

Na si jambo la kamusi tu. Tangu sheria ya 1973 ardhi yote ya nchi ni ya Serikali, na karatasi imekuwa na nguvu kuliko kumbukumbu. Mjukuu akifika kwenye mabishano ya shamba na kijitabu cha parokia kinachosema babu "alinunua", ataulizwa hati ya mauzo, na hati hiyo haikuwahi kuwapo. Kijitabu kikisema babu alitoa kalinzi, angalau anaweza kuwaita wanaojua ng'ombe alitolewa na nani na mbele ya nani.

Mfano mzuri wa watu wasio wanachuo walioandika historia yao wenyewe tunao katika nchi yetu, ingawa ni wa mji na si wa kijiji. Mwaka 1965, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, André Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Jina ni la Kifaransa, maandishi ni Kiswahili cha Katanga, kurasa 30 hivi za mashine ya kuandikia. Maneno yameunganishwa au kukatwa mahali tusipotarajia, na alama za kituo zinawekwa kwa namna yake. Johannes Fabian alipolishughulikia, hakulinyoosha. Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi, alilisoma kwa sauti, sauti ikanaswa, kisha ikaandikwa upya. Masikio yalipata maana ambayo macho yalishindwa kuiona. Kitabu kilitoka mwaka 1990, kikiwa na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Laiti mtu angekuwa amesahihisha mapema, isimu yote hiyo isingepatikana.

Nimesikia pingamizi: kijitabu chenye "bazee" na "balitoaka" kitaiaibisha parokia, na watoto watajifunza Kiswahili kibaya. Hofu hiyo naielewa, ila dawa yake ni rahisi. Ukurasa wa kushoto uwe wa maneno ya mzee kama alivyoyatamka, wa kulia uwe wa Kiswahili sanifu, na kalinzi, bwasa, mwami yabaki hivyo hivyo pande zote mbili, na maelezo chini. Kila simulizi liwe na kilima na shirika la msemaji.

Parokia kongwe zina pia shajara za Mapadri Weupe, kwani Lavigerie aliagiza kila misheni iandike yake. Nyangezi ilianzishwa mwaka 1906. Hizo ni nzuri kwa tarehe. Lakini ziliandikwa na mapadri, kwa macho ya mapadri, kwa hiyo zisitumiwe kumsahihisha mzee. Ziwekwe kando ya simulizi lake, tofauti zikionekana. Na kabla ya kuchapa, kijana arudi kwa mzee amsomee ukurasa wa kushoto kwa sauti, neno kwa neno, huku simu ikinasa tena.