Mkokotoaji na Kikokotoo: Ngeli za Nomino katika Kuwafundisha Watoto Historia ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Historia ya kompyuta, inapofundishwa katika madarasa ya chini, mara nyingi huanzia kwenye mashine: jina la mvumbuzi, mwaka, picha. Mtoto hukariri, kisha hubaki akiamini kwamba chombo hicho kilizuka kikiwa kamili na kwamba kina akili yake chenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa Kiswahili kina nyenzo ya kuizuia imani hiyo, nayo imo katika ngeli zake.

Neno la Kiingereza lililozaa kompyuta lilitumika tangu karne ya 17 kumtaja mtu afanyaye hesabu. Baadaye likahamia kwa mashine bila kubadilika umbo. Uhamaji huo hauonekani katika neno kompyuta, lililoingia katika Kiswahili likiwa tayari jina la mashine. Tarakilishi nalo lina tatizo jingine: msikilizaji husikia ndani yake tarakimu, lakini husikia pia akili. Kitenzi kokotoa, kwa upande wake, hutoa mkokotoaji katika ngeli ya M-/WA- na kikokotoo katika ngeli ya KI-/VI-. Ni kweli kwamba kikokotoo hutaja chombo kidogo cha hesabu, si kompyuta; hata hivyo jozi hii humwonyesha mtoto kwamba kazi ni ileile, mtendaji ndiye aliyebadilika.

2.0 Wakokotoaji Darasani

Kisa kifaacho kuanzia ni cha Ufaransa katika miaka ya 1790. Gaspard de Prony, aliyekabidhiwa kazi ya kutayarisha majedwali makubwa ya hesabu, aliwagawa watu wake katika makundi matatu. Wanahisabati wachache walichagua kanuni. Kundi la pili liligeuza kanuni kuwa namba za kuanzia. Na kundi la tatu, lililokuwa kubwa kuliko yote, lilijumlisha na kutoa tu.

Watoto wa darasa la tatu wanaweza kuigiza kisa hiki kwa chaki na vibao viwili. Mwanafunzi wa kwanza huandika 3, na kila zamu huongeza 2: 3, 5, 7, 9, 11. Wa pili huanza na 1, kisha hujumlisha kila namba anayopewa na mwenzake: 1, 4, 9, 16, 25, 36. Hizo ni namba za mraba, nazo zimepatikana bila mtu yeyote kuzidisha. Hapo mwalimu aulize: nani kati ya wawili hawa anajua kuwa 6 mara 6 ni 36? Huenda asiwepo. Maarifa yamo katika mpango wa kazi, na mpango huo ulibuniwa na mtu.

Zoezi lirudiwe kwa kosa la makusudi. Mwanafunzi wa kwanza akiandika 8 badala ya 7, mwenzake atapata 17 badala ya 16, halafu 27 badala ya 25, halafu 39 badala ya 36. Kosa la moja limekuwa mbili, kisha tatu. Mtoto aliyeliona kosa likikua hivyo hahitaji maelezo marefu kuhusu sababu ya Charles Babbage, aliyeijua vyema kazi ya Prony, kutaka magurudumu ya meno yashike nafasi ya wakokotoaji. Mwaka 1822 alikuwa na kielelezo kidogo cha mashine iliyofanya hasa yale yaliyofanywa na vibao viwili, lakini mashine kamili hakuimaliza. Mwaka 1991 jumba la makumbusho ya sayansi la London lilikamilisha sehemu ya kukokotoa ya mashine yake ya pili kwa kufuata michoro yake, nayo ikafanya kazi.

Mashine nyingine ya Babbage, iliyobaki michoroni, ingepokea maagizo kwa kadi zenye matundu kama zile za mtambo wa kufumia vitambaa wa Jacquard. Ada Lovelace aliieleza mwaka 1843, akionya kwamba haiwezi kuanzisha jambo lolote jipya, bali hutenda yale tu ambayo binadamu anajua kuiagiza.

3.0 Mahali pa Neno Kompyuta

Miaka ya katikati inaweza kupitwa haraka. Ni ENIAC ya Marekani, iliyotangazwa mwaka 1946, inayostahili kituo kirefu zaidi, tena si kwa ajili ya uzito wake wa tani 30 hivi ambao vitabu hupenda kuutaja. Wanawake sita walioitayarishia programu walichaguliwa miongoni mwa wakokotoaji waliokuwa wakipiga kwa mkono hesabu za mwendo wa mizinga. Katika kisa chao M-/WA- na KI-/VI- hukutana chumba kimoja: mkokotoaji anakiagiza chombo kilichochukua kazi yake.

Neno kompyuta basi liingizwe katika kipindi hiki, si kabla. Vipindi vya vibao havihitaji umeme wala mashine, na mkokotoaji ni neno linalotosha kuviendesha.