Mlinzi wa Lango la Nyumbani

Somo: Nehemia 7:1-3

Kwa wale hawakuwepo ibadani Jumapili, huu ndio muhtasari wa somo.

Nehemia na watu wake walimaliza ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52. Lakini hakukaa chini kupumzika. Alisimamisha milango, akachagua mabawabu, akaagiza malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali. Tena wenyeji waliwekwa zamu, kila mmoja mbele ya nyumba yake. Ukuta bila mlinzi langoni ni kazi bure.

Hapa Kiplombe tumejenga kuta. Tuna ua, geti la chuma na mbwa. Giza likiingia tunafunga. Halafu mtoto anaingia chumbani na simu, anafungua game, na wageni wanaingia bila kupiga hodi.

Nianze na toba yangu. Likizo ya Agosti, mpwa wangu wa miaka 11 alikuwa akicheza kwenye simu yangu ya zamani. Akapata "rafiki" aliyejiita kijana wa miaka 13. Kwa wiki tatu huyo rafiki alimsaidia kushinda na kumtumia zawadi za mchezo. Kisha akaomba namba ya WhatsApp. Kisha picha. Kijana akatuma moja, akiwa na sare ya shule. Ndipo akaambiwa atume nyingine bila nguo, na asimwambie mtu, la sivyo atafuatwa shuleni.

Hakutuma, lakini alinyamaza wiki nzima. Ni mke wangu aliyeona chakula hakimpiti. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu, "Anko, ulisema kanisani game ni za shetani. Niliogopa utanichapa."

Wapendwa, neno hilo lilinichoma. Mimi ndiye nilifunga mlango ambao mtoto angekimbilia. Basi tujifunze mambo matatu.

1. Jua lango liko wapi

Nilisoma biashara, na kitu cha bure huwa nauliza: nani analipa? Michezo kama Free Fire na Roblox ni bure kuanza, lakini duka liko ndani. Huko kuna almasi, mavazi na silaha za kununua. Kwa mtoto hizo ni mali kweli, na adui hutumia zawadi hizo kama chambo. Ishara zake ni nne: zawadi kutoka kwa mgeni, siri, kuhamishwa kwenda WhatsApp, na kuombwa picha.

2. Weka saa na kufuli

Nehemia hakuziba malango kwa mawe. Aliyawekea saa. Simu isilale na mtoto, na game ichezwe sebuleni. Kwenye mipangilio ya mchezo, zima gumzo au liache kwa marafiki unaowajua. Google ina programu ya bure, Family Link, ya kuweka muda na kuidhinisha programu mpya. Mtoto asitumie jina lake halisi wala jina la shule. Na PIN yako ya M-Pesa si ya mtoto.

3. Simama mbele ya nyumba yako

Kazi hii si ya mwalimu wa Sunday School. Kaa na mtoto, mwambie akufundishe kucheza. Utashindwa, atacheka, na siku akiogopa atajua pa kukimbilia. Mwambie mapema: "Ukiniambia, sitakuchapa."

Ikitokea, usifute ujumbe. Hifadhi mazungumzo, jina na namba, kisha mfungie huyo mtu. Piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, saa 24. Sisi tulipiga. Nenda pia polisi au kwa afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto hata mtandaoni, kwa hivyo usimalize mambo kimya kimya kwa kuogopa aibu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

Je, unamjua mtu mmoja ambaye mtoto wako hucheza naye? Mtoto wako akikosea leo, atakuja kwako au atajificha?

Tuombe: Baba, tusamehe pale ukali wetu umewanyamazisha watoto. Tupe macho ya mlinzi na masikio ya mzazi. Katika jina la Yesu, amina.